JUMBA LA MNARA: Mwenyewe alilala humo miaka mitatu tu!

KUNA nyumba ambazo ukizitazama unajua mwenyewe alikuwa na hela. Halafu kuna nyumba ambazo ukizitazama unajua mwenyewe alikuwa na hela, na vilevile kichwani hakuwa mzima sana. Hii ninayowaletea leo ni ya kundi la pili.

Iko London, Uingereza, namba 29 Melbury Road, maeneo ya Kensington wanakokaa wenye nazo. Ukitoka kituo cha treni cha High Street Kensington unashika kushoto, unakanyaga lami kama robo saa hivi, unakata kulia. Hutaipotea. Matofali mekundu, paa la vigae vya mawe ya kijani, na pembeni mnara wa mviringo wenye kofia iliyochongoka kama ya mchawi wa kwenye sinema. Wenyewe wanaiita Tower House. Sisi tuiite Jumba la Mnara, yaishe.

Miaka ile nilipokuwa nabeba boksi huko (na boksi langu mimi lilikuwa ndoo na dekio, tusidanganyane), nilikuwa nasafisha ofisi moja upande huo usiku. Kazi ikiisha alfajiri, badala ya kukimbilia basi kama wenzangu, nilikuwa nazunguka makusudi nipite Melbury Road. Jamaa yangu mmoja wa Tandika, tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja kwa zamu, alikuwa ananicheka mpaka machozi. "Wewe mwenzangu unashangaa nyumba za watu, ya kwako iko wapi?"

Swali lake lilikuwa gumu. Lakini nilipoanza kulifukunyua hilo jumba nikagundua kitu kilichonipa faraja: karibu wote waliowahi kukaa humo walikuwa wapangaji kama sisi. Tofauti yetu ni kodi tu!

Kabla sijaendelea, nisije nikawadanganya: ndani sikuwahi kuingia. Ni nyumba ya mtu. Ya ndani nimeyajua kwa vitabu na picha, na picha zenyewe zipo tele, za kwanza zilichapishwa mwaka 1885.

BURGES MBAYA

Aliyelijenga anaitwa William Burges, msanifu majengo, mzaliwa wa 1827. Kipindi cha malkia Victoria, bwana huyu alikuwa akihitajika na vigogo. Kanisa kuu la St Fin Barre kule Cork, Ireland, ni kazi yake. Ngome ya Cardiff na ile ya Castell Coch kule Wales, ambazo tajiri Marquess of Bute alizimwagia mapesa kama hana akili nzuri, pia ni kazi yake.

Sura sasa. Alikuwa mfupi, mnene, na macho hayaoni mbali. London hiyohiyo kulikuwa na mchoraji mwenye jina linalofanana na lake, Burgess, kijana mtanashati. Watu wakaona isiwe tabu, wakawatofautisha: yule Burgess Mzuri, huyu wetu Burges Mbaya. Fikiria unaitwa hivyo na marafiki zako!

Yeye hakujali. Alipenda kasuku, alipenda mbwa, alipenda mambo ya kale kupita kiasi, na alipenda afyuni. Shajara yake mwenyewe inaeleza kwamba siku moja alizidisha dozi mpaka akashindwa kwenda harusini kwa mtu. Hakuoa maisha yake yote.

Mwaka 1875 alichukua kiwanja Melbury Road. Hakukinunua moja kwa moja, alichukua hati ya miaka kadhaa, kama hizi hati zetu za miaka 33 au 99. Wasanii waliofanikiwa ndio walikuwa wakihamia mtaa ule, kila mmoja anataka nyumba ya kumtambia mwenzake. Burges akasema mimi najenga jumba la karne ya 13, mtindo wa Ufaransa ya zama za mashujaa wa farasi na mapanga. Tarehe 5 Machi 1878 akahamia.

HERUFI ILIYODONDOKA

Kila chumba alikipa mada yake. Ukumbi wa kuingilia ni habari za wakati. Sebule ni mapenzi, raha yake na karaha yake. Chumba cha kulia ni mambo ya umaarufu, na juu ya meko ya ukutani, pale pa kuotea moto, akamweka mwanamke wa kuchongwa aitwaye Umaarufu. Mshikeni huyo mama, tutarudi kwake. Chumbani kwake Burges ni bahari: samaki, mawimbi, na nguva juu ya meko. Darini akapachika vioo vidogovidogo vya mbinuko, ili akiwasha mshumaa usiku vimetemete kama nyota. Mbwa wake kipenzi, Pinkie, akamtia sakafuni barazani kwa nakshi ya vijiwe.

Lakini ninachokipenda mimi kiko maktaba. Kwenye nakshi za meko zimepangwa herufi za alfabeti, zote juu, zimenyooka kama askari gwarideni. Moja tu haipo mahali pake. H. Hiyo imeanguka, imekwama chini ya wenzake.

Msomaji wangu, huo ni utani. Waingereza wa uswahilini, watoto wa mjini hasa, wana tabia ya kuidondosha H wanapozungumza, na enzi zile ukiidondosha mbele ya wakubwa unaonekana wa hovyo, hujasoma. Burges akaidondosha kwa mawe, ndani ya nyumba yake, mbele ya wageni wake wenye kola ngumu. Sisi ambao tumekua tukisikia watu wakisema "apana" na "aiwezekani", utani huo hatuhitaji mkalimani.

Na kuna jingine, hili halichekeshi sana. Kule juu kabisa, chini ya paa, alitengeneza vyumba vya watoto. Viwili: kimoja cha mchana, kimoja cha usiku. Meko ya kile cha mchana akaichora hadithi ya kijana aliyepanda mti wa maharage mpaka mbinguni kwa lile jitu. Mtu mwenye umri wa miaka 50, hana mke, hana mchumba anayejulikana, hana mtoto hata wa kusingiziwa. Anawatengenezea vyumba watoto gani? Hakuwahi kueleza.

Masika ya 1881 alikuwa Cardiff kukagua kazi, akapigwa na baridi. Akarudishwa London nusu ya mwili haifanyi kazi. Akalala kitandani, chini ya nyota zake za vioo, wiki kama tatu. Miongoni mwa wageni wa mwisho kuja kumjulia hali walikuwemo mwandishi Oscar Wilde na mchoraji Whistler. Tarehe 20 Aprili akakata roho humohumo ndani, ana miaka 53. Kwa hesabu ya kidole, jumba lake la ndoto alilikaa miaka mitatu na mwezi mmoja na nusu.

MFALME MTAANI

Nyumba ikaenda kwa shemeji yake, Richard Popplewell Pullan, mume wa dada yake, naye msanifu. Huyo ndiye aliyetoa kile kitabu cha picha mwaka 1885. Tumshukuru, maana bila yeye waliokuja baadaye wasingejua nini kilikuwa wapi.

Hapa naomba nitoke nje ya geti kidogo, kwa sababu jambo hili liliniacha mdomo wazi barazani kwa watu. Mtaa huohuo, namba 18, kuna kibao cha buluu ukutani. Kimeandikwa jina la Cetshwayo, mfalme wa Wazulu. Ndiyo, yuleyule ambaye jeshi lake liliwafyeka Waingereza pale Isandlwana, Januari 1879, wenye bunduki wakachapwa na wenye mikuki. Baadaye walimshinda, wakamkamata, wakamfungia Cape. Agosti 1882 akaja London kudai ufalme wake, akakutana na malkia Victoria uso kwa uso, na nyumba aliyopangiwa kufikia ni hiyo ya Melbury Road. Watu walijaa mtaani kumshangaa. Burges, ambaye angetoa kasuku wake wote ili apige soga na mfalme shujaa wa kweli, alikuwa kaburini mwaka mmoja na ushei.

Nilimwambia jamaa wa Tandika habari ya kibao. Kesho yake alfajiri alikuja mwenyewe kukiona. Toka siku hiyo hakunicheka tena.

Haya, turudi ndani. Baada ya Pullan wakaingia makoloneli wawili, kwa nyakati tofauti. Wa kwanza, Minshall, alikuwa mwandishi wa vitabu kuhusu Ujerumani. Wa pili, Graham, aliingia na mkewe mwaka 1933. Watu watulivu, hawana makuu, wala magazeti hayakuwa na habari nao. Miaka hiyo mambo ya kizamani ya Burges yalikuwa yamepitwa, watu wanayaona uchafu wa bibi. Kina Graham hawakubomoa. Waliishi nayo tu.

Rafiki yao mmoja alikuwa mshairi John Betjeman, mtetezi mkubwa wa majengo ya kale. Huyu alikuwa na pua ya kunusa vitu vya Burges. Aliwahi kuingia duka la vikorokoro mjini Lincoln akakuta kabati la kunawia uso lililokuwa chumbani kwa Burges! Akalichukua, akamzawadia mwandishi mwenzake, Evelyn Waugh. Waugh akapata wazimu nalo: akashikilia kwamba kuna bomba limepotea njiani, kumbe bomba lenyewe halikuwahi kuwepo. Akaishia kukitia kisa hicho kwenye riwaya.

Mama Graham alipofariki mwaka 1962, alimwachia Betjeman miaka miwili iliyobaki ya hati ya nyumba, pamoja na baadhi ya fanicha. Zali la mentali hilo, utasema. Subiri. Hati ikiisha, mwenye hati anatakiwa airudishe nyumba ikiwa imekarabatiwa, na matengenezo yalikadiriwa pauni 10,000. Mshairi atazitoa wapi? Betjeman, pamoja na mapenzi yote, akainua mikono.

Nyumba ikabaki tupu.

UMAARUFU WAIBIWA

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Kuanzia 1962 hadi 1966 hakulala mtu humo. Na haikuwa nyumba ya kutupwa: tangu 1949 serikali ilikuwa imeiorodhesha daraja la kwanza la majengo ya kulindwa. Karatasi zilikuwepo. Mtu wa kufunga dirisha ndiye hakuwepo.

Januari 1965 wakaguzi wakaingia. Walichokikuta ni aibu. Mawe ya nje yamelika. Kuvu limekula mbao za paa na sakafu. Kule juu, kwenye vile vyumba vya watoto wasiokuwepo, wamehamia njiwa. Wahuni wameng'oa risasi ya matangi ya maji wakauze, wamevunja vioo, wamejeruhi meko na nakshi. Na kwenye chumba cha kulia, nani hayupo? Yule mama. Umaarufu kaibiwa!

Zaidi ya miaka 80 ya watu kula, kulala, kukohoa na kufa humo haikuidhuru nyumba kama hiyo michache ya upweke. Sisi wa mjini tunaijua hii. Nyumba ya mirathi inayogombewa mahakamani, milango imefungwa kwa minyororo: wa kwanza kuingia ni popo, wa pili mwizi wa nyaya.

Aliyeiokoa ni mama mmoja, Lady Jane Turnbull, binti wa lodi. Alichukua hati, akapata msaada wa serikali, pauni 4,000 na nyingine 3,000, na mafundi wakaanza kazi. Paa, mbao, mawe. Zile kazi ambazo hakuna anayezipiga picha. Ukisoma habari za jumba hili, mama huyu hupewa mistari miwili tu, halafu mwandishi anakimbilia mastaa. Mimi ningekuwa na uwezo wa kutundika kibao cha buluu, ningeanza naye.

MIDOLI YA MIZIMU

Haya, mastaa hao. Mwaka 1969 nyumba ilipoingia sokoni, wa kwanza kuitamani alikuwa Liberace, yule mpiga piano wa Marekani, mzee wa mapete na makoti ya manyoya. Akatoa ofa, ila hakuweka kishika uchumba. Mwigizaji Richard Harris, Mwairishi, akaisoma habari hiyo gazetini jioni. Kesho yake akaenda na pauni 75,000, akaimaliza kazi. Liberace akabaki na mapete yake.

Kama jina la Harris halikujii haraka, ni yule babu Dumbledore kwenye filamu mbili za mwanzo za Harry Potter, ndiye pia mfalme mzee kwenye Gladiator. Jirani zetu Kenya wanamkumbuka zaidi: alikwenda huko kuigiza kama George Adamson, mzee wa simba, katika filamu ya mwaka 1999. Mwaka 1969 alikuwa kijana, ametoka kuigiza mfalme Arthur, sasa akawa na ngome kabisa.

Pamoja na pombe zake, na alikuwa mnywaji wa kutajwa, Harris alifanya jambo la mtu mwenye akili timamu. Aliwatafuta Campbell Smith, kampuni ileile ya mapambo iliyofanya kazi enzi za Burges, wakatumia michoro ya Burges mwenyewe iliyotunzwa makumbusho, wakarudisha rangi na nakshi.

Lakini usiku, bwana wee! Mwigizaji Danny La Rue, aliyewahi kuizuru nyumba akiwa na Liberace, aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba alihisi shari humo ndani. Baadaye alikutana na Harris, naye akamthibitishia: nyumba ina mizimu, tena ya watoto. Harris aliamini kwamba zamani pale kiwanjani palikuwa na kituo cha yatima. Akaitulizaje? Kwa mganga? La. Aliinunulia midoli.

Cheka, nami nilicheka. Halafu nikakumbuka vile vyumba viwili vya juu, na yule mtu mfupi asiyeona mbali anayechora mti wa maharage kwa watoto ambao hawakuja. Hatimaye mtu alileta midoli. Mizimu siamini sana, ila hapo nilinyamaza.

GITAA LA KIMYA

Mwaka 1972 Harris akauza. Wanamuziki wawili wakapambana: David Bowie na Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin. Page akashinda kwa pauni 350,000. Miaka mitatu tu, bei imepanda karibu mara tano!

Siyo ajabu wanamuziki kuzipenda pande hizo. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu tu kufika Logan Place, kwenye nyumba ya Freddie Mercury, mtoto wa Zanzibar aliyezaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946. Huyo yake aliinunua 1980 na alifia humo Novemba 1991.

Kwa Page watu walitarajia nini? Led Zeppelin ilikuwa bendi ya fujo, makelele ya kutikisa mabati. Kumbe mwenzetu alikuwa akizihusudu kazi za Burges tangu ujana. Alitulia. Kila siku nilipopita, kimya.

Kivumbi kilianza 2013, alipohamia jirani. Jumba la pili lilikuwa la Michael Winner, mwongozaji wa filamu za Death Wish, naye alikuwa amefariki mwaka huo. Robbie Williams, yule mwimbaji, akalinunua kwa pauni milioni 17.5. Akataka kuchimba chini aweke bwawa la kuogelea. Page akaja juu: mashine zikitetemesha ardhi, nakshi zangu za miaka 140 zitapasuka, nani atazirudisha? Robbie naye akamtolea maneno hadharani, na Januari 2017 akaomba radhi. Ikafuata barua kwa halmashauri, mwandishi hajulikani, ikidai Robbie anafungulia muziki wa bendi nyingine za roki kwa sauti ya juu ili kumchoma mzee roho. Upande wa Robbie ukasema ni uzushi mtupu. Mnaona? Umbeya wa kupitisha barua chini ya mlango si wa Manzese peke yake.

Mwaka 2018 Page alikwenda mwenyewe kwenye kikao cha halmashauri, mvi kichwani, nywele kazifunga nyuma. Desemba mwaka huo kibali kikatoka kwa masharti: kazi isianze mpaka halmashauri ihakikishiwe kwamba mtetemo utadhibitiwa.

Page alikuwa na miaka 74 wakati huo, na alikuwa ameikaa nyumba miaka 46, mara kumi na tano ya aliyeijenga. Na katika kelele zote zile likatoka jambo moja ambalo mashabiki wake wengi hawakulijua. Mtu aliyetingisha viwanja vya mpira kwa gitaa, iliripotiwa kwamba humo ndani hapigi gitaa la umeme. Analihofia litazitikisa nakshi. Anapiga lile la kawaida, la mbao, taratibu.